Ati turudi ikitoka ya tatu

Wifi yangu, ambaye mimba zake mbili zimetoka, alirudi kutoka kliniki juzi na jibu fupi: "Mbili ni kawaida, mama. Rudi ikitoka ya tatu." Basi. Alikuwa amepiga foleni tangu asubuhi, akalipa ada ya kumwona daktari, na hicho ndicho alichouziwa. Kliniki siitaji. Iko hapa hapa Nakuru, na najua kila mmoja wenu atadhani ni ile aliyokwenda yeye.

Ya tatu! Kama pointi za supamaketi, ukusanye kwanza ndipo upewe zawadi.

Nianze na ukweli wa upande wao, ingawa sina hamu nao. Mimba kutoka si jambo la ajabu. Katika mimba 100 zilizothibitishwa, kama 15 hivi hazifiki, na karibu nusu ya zinazotoka mapema ni kwa hitilafu za kromosomu, zile nyuzi za urithi mtoto anazopata kwa baba na mama, ambazo hakuna aliyezisababisha wala dawa ambayo ingezizuia. Aliyepoteza mbili bado ana nafasi nzuri ya kujifungua salama hata asipofanyiwa chochote. Na vipimo mara nyingi havioni kitu. Haya, nimekubali.

Lakini hiyo tatu si amri ya Musa. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilisema mwaka 2017 kwamba mbili zinatosha. Mwaka 2021 wataalamu walioandika katika jarida la kitabibu la Lancet walipendekeza huduma ya ngazi: ikitoka ya kwanza, mama aelezwe na kushauriwa, ikitoka ya pili, apimwe damu na tezi ya thairoidi ya shingoni, ikitoka ya tatu, uchunguzi kamili. Waingereza ndio walioing'ang'ania tatu, na hata wao mwongozo wa 2023 unamruhusu daktari atumie busara yake baada ya mbili. Busara, jamani. Haiagizwi kutoka ng'ambo.

Kilichonipandisha hasira hasa ni kwamba wifi hakuulizwa chochote. Nilimwomba kile kitabu chake cha kliniki nikakifungua. Ukurasa wa mimba ya pili una mahudhurio mawili: tarehe, uzito, presha, mkojo, kimo cha tumbo, sahihi ya nesi kwa mwandiko wa haraka. Chini yake mistari mitupu mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyeandika yaliyotokea. Mgeni akikisoma atafikiri mama alihama mji.

Yaliyotokea ni haya. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa, wiki ya tisa hivi, ikianza na damu. Ya pili ilikuwa imeingia mwezi wa tano na mtoto anacheza. Usiku mmoja alihisi uzito chini ya tumbo, akainuka kwenda chooni, chupa ikapasuka. Hakuwa na uchungu, hakutokwa damu. Kaka yangu hajapata hata gari la kuwatoa mtaani Kaptembwo saa hizo, mtoto ameshatoka.

Sasa niambieni, hayo mawili yanafanana wapi? Daktari aliyajumlisha, akapata mbili, akamwambia bado moja. Angeuliza tu "hiyo ya pili ilianzaje?" angesikia kitu ambacho hata wakunga wetu wanakijua: chupa kupasuka mwezi wa tano bila uchungu humfanya mtu afikirie mlango wa kizazi uliofunguka kabla ya wakati wake. Huenda siyo, huenda yalikuwa maambukizi, sikatai. Lakini hilo halisubiri ya tatu. Mimba ijayo, mlango wa kizazi unapimwa urefu kwa skani ya ndani kila baada ya muda, na ukipungua chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24, mama anaweza kushonwa mlango huo. Ushonaji wenyewe si teknolojia ya jana. Shirodkar wa Bombay aliueleza mwaka 1955, McDonald wa Australia akaleta njia yake nyepesi zaidi mwaka 1957. Kumwambia mwanamke wa namna hii apoteze mwingine kwanza ni kumwambia abebe tena miezi mitano, mtoto acheze tena, halafu tuone.

Watu husema vipimo ni ghali, na ni kweli, vingi unalipia mfukoni. Ila swali ni bure. Ilitoka wiki ya ngapi? Skani ilionyesha mapigo ya moyo au kifuko kitupu? Kilichotangulia ni nini, damu, uchungu au chupa? Umewahi kusafishwa kizazi? Kwenu kuna aliyewahi kuganda damu mguuni? Ulikuwa na homa? Hilo la homa lina uzito wake kwetu. Sisi watu wa Busia, kule ziwani kwenye malaria, tunaoishi Nakuru, huku juu mbu wa malaria ni wachache, tunajisahau. Wifi akiwa na mimba ile ya kwanza alikwenda matanga nyumbani, akalala bila neti, akarudi anatetemeka. Wajawazito wa kaunti za ziwani hupewa dawa ya kukinga malaria kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha. Wa Nakuru aliyekwenda kuzika, nani anamkumbuka? Sisemi malaria ndiyo iliyoitoa. Nasema daktari hajui, kwa kuwa hakuuliza.

Na majibu ndiyo yanayochagua kipimo. Kuna kingamwili za antifosfolipidi, zinazofanya damu igande ovyo. Hili ni miongoni mwa mambo machache ambayo yakipatikana yana tiba inayoeleweka, aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini za kuzuia damu kuganda. Mtoto mmoja tu aliyepotea baada ya wiki 10 na umbile lake ni la kawaida amekuwa akitosha kuwafanya madaktari wakifikirie kipimo hiki. Tena hupimwa mara mbili, na kati yake wiki 12 zipite. Yaani kipimo chenyewe kina subira yake ndani. Kwa nini tuongeze nyingine, tena ya kulipwa kwa mtoto?

Upande wa pili wa barabara kuna maabara itakayokuuzia kifurushi cha vipimo vya maambukizi chenye jina la herufi tano, TORCH, bila kukuuliza lolote nao. Miongozo haikipendekezi kwa mimba zinazotoka mara kwa mara. Hizo pesa wekeni za skani nzuri ya kizazi.

"Damu zenu hazipatani" nayo, naomba ipumzike. Rhesus, ile chanya au hasi ya kundi la damu, ni jambo la kweli na aliye hasi aulize kuhusu sindano yake akitokwa damu, lakini siyo inayoziangusha mimba changa moja baada ya nyingine. Mama yangu mzazi, nampenda, amemkataza wifi kuinua mtungi wa lita 20. Mtungi haujatoa mimba ya mtu. Ingawa kwa kuwa sasa kaka ndiye anayebeba maji, sijamrekebisha mama.

Mimi pia nimewahi kulazwa kwa jambo hili. Nilipewa kitanda katikati ya waliojifungua, watoto wanalia kulia na kushoto. Asubuhi mama wa usafi akaja na ndoo yake, mtu mwema kabisa, akaniuliza, "Na wako amelala wapi?" Nikamwambia amepelekwa kupimwa uzito. Sijui kwa nini nilimdanganya. Pengine nilimwonea huruma. Kwa hiyo mtu akiniambia ya tatu kana kwamba anataja namba ya foleni, mniwie radhi nikipandisha sauti.

Jumanne tunakwenda kwa daktari mwingine, na akitupa rufaa ya Eldoret tutapanda matatu ya Eldoret. Nimeandika yote kwenye karatasi, wiki, chupa, homa, kila kitu, kwa sababu wifi akikaa mbele ya koti jeupe husema "niko sawa tu". Kaka ameomba ruhusa kazini. Kromosomu nusu ni zake na hajawahi kuulizwa hata swali moja. Safari iliyopita alibaki getini akipiga gumzo na watu wa boda. Safari hii ataingia ndani, na kiti kikikosekana atasimama.