Paa la asbesto: tuliezue au tuliache?

Kila shule au nyumba ya zamani ya serikali inapokarabatiwa Moshi au Arusha, ubishi ni uleule: yale mabamba ya kijivu ya asbesto yaezuliwe yote, au yaachwe mpaka yachakae? Wanaotaka yaezuliwe wanataja saratani. Wanaopinga wanataja bajeti, na hawakosi kuongeza kwamba wazee wetu walilala chini yake wakaota mvi.

Saratani yenyewe ni mesotelioma. Haianzii ndani ya pafu bali kwenye utando unaolifunika, na mara chache kwenye utando wa tumbo. Ni adimu, lakini wengi wanaoiugua waliwahi kuvuta vumbi la asbesto. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wakitokea kwenye machimbo ya asbesto ya bluu (aina mojawapo ya madini ya asbesto) ya Northern Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu jirani na machimbo.

Hoja ya mvi inafia hapa, kwa sababu ugonjwa huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mzee wa Kilimanjaro akikonda, akihema kwa shida na kujaa maji kifuani, daktari huanza na kifua kikuu, na ana haki, maana ndicho kilichozoeleka. Mgonjwa atameza dawa miezi 6. Asipopata nafuu, ni mpaka akatwe kinyama kipimwe ndipo mesotelioma ijulikane, na wengi hawafiki huko. Kwa hiyo kutosikia wagonjwa si ushahidi kwamba hawapo.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja moja nzito ambayo wenyewe huitaja kwa nadra. Nyuzi za asbesto zimefungwa ndani ya saruji. Bamba zima lisilo na nyufa hutoa chache sana. Zinafumuka bamba linapokatwa au kuvunjwa. Sasa tazama tunavyoezua: fundi yuko juu na nyundo, anagonga msumari mpaka bamba linapasuka, vipande vinarushwa chini, vijana wanapakia kwenye kirikuu, mwingine anafagia pakavu huku amejifunga kitambaa puani. Nyuzi hizo hazizuiwi na kitambaa. Jioni zinaenda nyumbani kwenye nguo. London, mwaka 1965, watafiti Newhouse na Thompson walikuta miongoni mwa wagonjwa wa mesotelioma ndugu wa wafanyakazi wa asbesto, hasa wake waliofua nguo zao za kazi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuezua kwa nyundo ni kubaya kuliko kuacha. Ila kuacha nako kuna masharti: lisitobolewe kupitisha nyaya, lisisuguliwe ukungu kwa brashi kavu, na lililopasuka litangulie kutolewa. Likitolewa, lilowanishwe, misumari ing'olewe taratibu, bamba lishushwe zima, lifungwe kwenye nailoni nzito na kufukiwa mahali palipotengwa. Gharama hizo ziandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo, la sivyo mkandarasi atarudi kwenye nyundo.

Na majina ya vijana waliopanda juu yahifadhiwe. Aliye na miaka 22 leo anaweza kuugua akiwa na 60, mkandarasi ameshafunga ofisi, na daktari anamwuliza aliwahi kufanya kazi gani.