Sikumtangazia mwenyekiti kifo, jamani

Mbukwenyi wakuu. Naona yule rafiki yangu wa Chang'ombe keshaimwaga habari kwenye magrupu yote, na chumvi juu, eti nimemtangazia mwenyekiti kifo mpaka mzee kazimia. Hajazimia. Alikaa chini tu, tena kiti kilikuwepo. Sasa ngoja niwape yenyewe kabla haijafika Kondoa.

Si mnaijua ile tovuti ya chama chetu cha kufa na kuzikana, niliyoitengeneza bure (hilo neno bure lishikeni). Wazee walikuwa wanalalamika kwamba chini ya kila ukurasa kuna mshale umeandikwa Previous na mwingine Next, Kizungu cha nini na sisi tuko makao makuu ya nchi. Basi nikaingia kwenye WordPress, ile programu inayoendesha tovuti yetu, nikafungua templeti (kiolezo) ya kurasa za habari, kumbe hayo maandishi unayagusa tu unaandika unachotaka, na pembeni kuna kitufe ukikiwasha mshale unaonyesha na kichwa cha habari unayoenda kuifungua. Nikawasha, nikajiona injinia. Na kwa kuwa kipindi hicho tulikuwa tunapandisha zile za kutambulisha viongozi, yaani ni watu watupu, nikaandika huku Aliyetangulia, kule Anayefuata. Kwa sarufi hamnishiki hapo, watu ni a-wa, mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa vema.

Ila templeti haichagui, ukiandika mara moja inajaa kurasa zote, za harusi na za msiba. Yenyewe inaangalia tarehe tu, iliyopandishwa kabla inakaa kushoto, ya baada inakaa kulia. Na katikati ya hao viongozi bibi mmoja wa chama akafariki, Mungu amrehemu, tukapandisha tanzia.

Jumapili kikao. Projekta, shuka jeupe ukutani, upepo wa Dodoma unalipeperusha mpaka vijana wawili wakalishika kwenye pindo. Katibu ndo kashika laptop, anashusha ukurasa taratibu, wazee wasome. Ikapita picha ya bibi na kitenge chake. Ikapita ratiba ya mazishi. Ikapita namba ya kutuma rambirambi. Mimi nikaiona mishale inapanda kutoka chini nikataka kusema katibu hapo panatosha, sauti ikagoma kutoka, na mwenyekiti wetu mnamjua, kila chenye herufi lazima akisome kwa sauti. Akavaa miwani.

"Aliyetangulia," akasoma, "Mjue Katibu Wetu."

Watu wote wakamgeukia katibu. Katibu mzima, ana soda mkononi, akajiangalia.

Mzee akapangusa miwani, akahamia kulia. Pale ndo nilitamani upepo ulibebe lile shuka mpaka Singida, lakini wale vijana siku hiyo walilishika kama wanalipwa.

"Anayefuata." Kimya. "Mjue Mwenyekiti Wetu."

Nyuma kule mama mmoja akasema "Yesu wangu!" na yule rafiki yangu (ndo huyo huyo) akaangua kicheko kwenye kikao cha msiba, lakini kwenye toleo lake hilo halimo, sijui kwa nini.

"Kijana," mzee akaniita, "nafuata lini?"

Nikabadilisha hapo hapo mbele yao, nikaandika Taarifa iliyopita na Taarifa mpya, nikasevu. Mzee akatoa simu yake akafungua, bado Anayefuata, maana simu ilikuwa imetunza ukurasa wa zamani. Namwambia babu irefreshi, anasema hagusi kitu. Tukafanya dua, kikao kikaisha.

Jioni kanipigia. Hilo neno kaambiwa limeondoka, ila hataki jina lake likae chini ya picha ya marehemu hata liitwe taarifa mpya. Nikamweleza kwamba mishale inafuata tarehe ya kuchapishwa, kwa hiyo labda nisogeze mtu mwingine aingie katikati. Akafikiri kidogo tu. "Muweke mhasibu, kwanza hesabu za mwaka hajaleta."

Nikarudisha nyuma tarehe ya mhasibu, mwenyekiti akasogea. Sasa mhasibu kasimuliwa mkasa mzima na yule rafiki yangu, kaenda kufungua tanzia, kajikuta hapo, na toka asubuhi anapiga simu. Ameshapiga tena.