Mbona Hakuna Anayerekodi Jumatatu?

Juzi usiku mtoto wa kakangu amenitumia video, na chini yake maneno matatu tu: "Shangazi, na mimi!" Nikafungua. Msichana wa Kikenya, simjui, anatuzungusha chumba cha kubadilishia nguo cha chuo fulani Marekani. Kabati lina jina lake. Njumu jozi tatu, zote mpya. Jezi imetundikwa, muziki unapigwa, taa zinamulika kama za harusini. Mwisho anafumua shuti kwenye uwanja wa kijani kibichi, halafu yanatokea maandishi: Mungu hamtupi mja wake. Huko chini vijana wetu wamejipanga foleni wakiomba koneksheni.

Sina ugomvi na msichana yule. Mungu amzidishie. Lakini video ile imepigwa siku ya picha, na mimi siku ya picha naijua: mnavaa jezi safi, mnakunja mikono, mnaikunjia kamera uso kama inawadai. Jumatatu sijaona mtu akiirekodi. Basi leo narekodi mimi, kwa maandishi, maana sauti ilishakauka kwa kumweleza huyu mtoto kwenye simu.

Nilicheza misimu minne, 2014 hadi 2017, winga wa kushoto katika chuo kidogo cha Daraja la Pili kusini mwa Minnesota; michezo ya vyuo huko imegawanywa madaraja matatu. Mtoto wa Changamwe, aliyedhani baridi ni ile ya Julai mvua ikinyesha. Theluji sitaizungumzia. Kila mtu aliyewahi kwenda huko anazungumzia theluji, na theluji haijamfukuza mtu chuo.

Kinachofukuza watu chuo ni saa.

Kocha anayekusajili atakuambia kwamba sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zinakulinda: msimu ukiwa umeanza, shughuli za timu haziruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, wala saa 4 kwa siku, na lazima upate siku moja ya mapumziko. Hakudanganyi. Sheria ipo. Sasa tega sikio nikuambie zinavyohesabiwa. Siku ya mechi, hata mkiamka na giza mkarudi na giza, inaandikwa saa 3. Safari haihesabiwi. Kukaa kwenye barafu na kufungwa kifundo cha mguu hakuhesabiwi. Zile saa za jioni za kukaa maktaba kwa lazima, msaidizi wa kocha akiwakagua kama prefekti wa bweni, hazihesabiwi. Na kambi ya Agosti kabla masomo hayajafunguliwa? Huko hizo saa 20 hazipo kabisa. Mnakimbia asubuhi, mnakimbia jioni, katikati mnalala sakafuni kama samaki sokoni.

Kisha kuna mazoezi ya hiari. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, lakini wahenga hawakukutana na kocha wangu. Mazoezi ya hiari hayaongozwi na kocha, maana yakiongozwa yatahesabiwa. Yanaongozwa na nahodha. Kocha yupo ofisini mwake, na dirisha la ofisi, kwa bahati tu, linatazama uwanja. Hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kukosa hiari. Ila Ijumaa kikosi kikisomwa utajua kwamba umechaguliwa kusugua benchi, nalo pia kwa hiari yako.

Nikupe wiki moja tu, ile ya Minot. Alhamisi saa mbili asubuhi tunapanda basi kuelekea North Dakota, karibu saa 9 barabarani, mahindi kulia, mahindi kushoto, halafu hata mahindi yanaisha. Siku hiyo hatukugusa mpira, kwa hivyo kwenye karatasi ndiyo ikawa siku yetu ya mapumziko. Ndiyo, umesoma sawasawa. Enzi zangu siku ya kusafiri ilikubalika kuwa mapumziko, mradi msifanye mazoezi. Ijumaa mechi. Jumamosi tunashuka Bismarck. Usiku huo nikafanya mtihani wa takwimu kwenye ukumbi wa hoteli ulionukia waffle, msaidizi wa kocha akinisimamia huku akitazama mechi kwenye kompyuta yake na kupiga kelele. Jumapili mechi ya pili, kisha basi tena. Tulifika chuoni saa saba usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi nina maabara ya kemia.

Mechi mbili, saa 6 kwenye karatasi. Darasani nimekosa siku mbili nzima. Mwalimu wa kemia, mzee mpole sana, akasoma barua yangu ya ruhusa ya safari, akanirudishia, akaniambia barua hii inakuruhusu usiwepo, haikufundishi ulichokosa.

Nilikwenda kusoma uuguzi. Mamangu alishawatangazia majirani Changamwe nzima kwamba binti yake anakwenda Marekani kuwa nesi, na mpira ulikuwa nauli tu ya kunifikisha huko. Muhula wa pili nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mafunzo ya wodini yanagongana na mazoezi. Si kwamba nilikatazwa. Nilionyeshwa ratiba mbili kwenye meza moja, nikaulizwa nadhani ipi inaweza kusogea. Ya hospitali haisogei, wagonjwa hawana msimu. Ya kocha haisogei, ndiyo inayolipa. Kilichosogea ni mimi. Nikahitimu usimamizi wa michezo.

Nafanya kazi nzuri leo, ofisi ya kuondoa mizigo bandarini, sina njaa wala deni. Lakini mpaka leo nikimpeleka mamangu kliniki na nesi akimfunga ule mkanda wa kupima presha, mimi hutazama pembeni.

Kwa hivyo binti, na wewe kijana pia, kocha akikupigia simu na sauti yake ya asali, usimwulize kwanza kuhusu uwanja. Mwulize: katika timu yako ya sasa, nani anasoma uuguzi? Nani anasoma uhandisi? Yuko mwaka wa ngapi? Nipe namba yake tuzungumze, wewe usiwepo. Kocha ambaye ana wachezaji wa hivyo atakutajia majina kabla hujamaliza swali, kwa sababu anajivunia. Asiye nao atakuambia kwamba kwao kila kitu kinawezekana ukijipanga. Hilo ndilo jibu nililopewa mimi, na nililiamini, nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Na msije mkaniambia mbona Wamarekani wanavumilia. Mmarekani akiichoka timu anarudi kuwa mwanafunzi wa kawaida, mamake anaendesha gari saa 2 anakuja kumchukua. Wewe timu ndiyo inayolipa karo, na karo ndiyo inayoshikilia viza. Ukishuka chini ya krediti 12 za masomo kwa muhula bila idhini, huna tatizo na kocha peke yake, una tatizo na serikali. Siku hizi wenzako wa chumba wataruhusiwa hata kulipwa kwa jina na sura yao, tangu 2021. Wewe na viza yako ya mwanafunzi utawapigia makofi.

Pesa. Watu husema "full scholarship" kama wanavyosema "habari yako". Enzi zangu timu ya wanawake ya Daraja la Pili ilikuwa na fungu la thamani ya ufadhili kamili 9.9, ya wanaume 9, nalo ligawanywe kwa kikosi cha watu ishirini na kitu. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi mguu wa kushoto ulinipatia asilimia arobaini. Kilichoziba pengo lililobaki ni ufadhili wa masomo, yaani B+ yangu ya KCSE, ile niliyoipata nikisoma na taa ya betri. Karatasi ya mtihani ilinilipia zaidi ya mpira. Daraja la Tatu hawatoi hata senti kwa mchezo, wala vyuo vya Ivy League, vile vikongwe kama Harvard, ijapokuwa hivyo vina njia nyingine za kusaidia asiye na uwezo. Daraja la Kwanza nako mambo yamegeuka tangu 2025: vyuo vilivyojiunga na mpango mpya wa kuwalipa wachezaji vinabanwa kwa idadi ya wachezaji, 28, badala ya idadi ya ufadhili. Kwa hiyo kocha hana tena nafasi ya kumfuga mtoto wa miaka kumi na minane akingoja akomae. Na wakala anayetaka umtumie pesa ili "akupeleke kwa makocha", anwani za makocha zipo kwenye tovuti za vyuo vyao, bure. Andika mwenyewe, ambatanisha klipu zako, na klipu ya kwanza isiwe ya chenga.

Hilo la chenga nalo ni msiba wake. Mpira wa vyuo una sheria yake ya kubadilisha wachezaji: ukitolewa kipindi cha kwanza unaweza kurudi cha pili. Basi benchi linakuwa matatu ya Likoni, huyu anashuka yule anapanda, na wanaopanda wana mapafu mapya. Kila dakika mtu mbichi anakukimbiza. Mimi niliyezoea kuutuliza mpira, nimtazame beki, nimwulize hali, niliambiwa wiki ya kwanza kwamba nacheza kana kwamba nina wageni nyumbani.

Najua mtanitajia Philip Mayaka, kutoka Clemson hadi chaguo la tatu la MLS, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2021. Najua mtanitajia Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa yetu hii, aliyepita kambi ya wakimbizi ya Kakuma na Chuo Kikuu cha Washington kabla ya kuivalia Seattle Sounders. Lawrence Olum naye alitokea chuo kidogo huko Missouri ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia. Sawa. Watatu hao nimewataja bila kupumua. Wa nne ngoja nifikirie.

Haya, nikubali kidogo, isije ikasemwa nina kijicho. Kwa wasichana mlango ni mpana kuliko kwa wavulana. Ile sheria yao ya mwaka 1972, Title IX, iliwalazimisha wafungulie wanawake michezo, ndiyo sababu Daraja la Kwanza lilikuwa na ufadhili 14 kwa timu ya wanawake na 9.9 kwa wanaume. Tangu Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, waende Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, makocha wa huko hawashangai tena wakisikia msichana wa Kenya anacheza soka badala ya kukimbia mbio ndefu. Mimi niliulizwa misimu minne mizima kama nimewahi kushinda marathoni. Nilipata shahada bila deni, na hilo darasa langu la Marekani lilikuwa na wachache wanaoweza kulisema. Nilipata dada watatu ambao tukipigiana simu tunacheka mpaka mtoto anaamka. Na usiku wa Ijumaa, Oktoba, taa zimewaka, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, mpira unakuja upande wa kushoto na beki wao amechelewa hatua moja, sitadanganya, nilikuwa nasahau hata kemia.

Lakini ni dakika tisini. Wiki ina Jumatatu ndani yake.

Yote haya nimemwandikia mtoto wa kakangu. Yuko kidato cha tatu, hesabu anazitafuna kama njugu, anasema atakuwa mhandisi. Nimemwekea maswali ya kumwuliza kocha: nani anasoma nini, asilimia ngapi na kwa miaka mingapi, nikivunjika goti nani analipa hospitali na je ufadhili unabaki, mwaka jana wangapi waliihama timu. Nimeandika ujumbe mrefu mpaka kidole gumba kikaniuma. Nimengoja. Alama mbili za buluu. Anaandika. Ameacha. Anaandika.

"Asante shangazi, nimeelewa. Lakini kabati lenye jina lako ulipewa?"

Nilipewa. Msimu wote wa kwanza lilikuwa limekosewa herufi mbili.