Chokaa au saruji Mji Mkongwe: inategemea unaiweka wapi

Wanaotetea chokaa katika ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, wana hoja nzito, lakini mara nyingi huanza na ile dhaifu kuliko zote: kwamba zege ni zito mno kwa kuta za mawe ya matumbawe. Tupige hesabu. Sakafu ya asili ya ghorofani ni boriti za mkoko, juu yake mawe, kisha kifusi cha mawe na chokaa kilichoshindiliwa. Ikiwa na unene wa sentimita 25, kila mita ya mraba inaweza kufika kilo 350 na kupita. Zege lenye nondo la sentimita 12 ni kama kilo 300. Kwa mizani peke yake, zege ndilo jepesi.

Ubaya wake uko pale linapokalia. Ukuta wa nyumba hizi, wenye sentimita 50 na zaidi, ukiuona kwa nje utadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ni nyuso mbili za mawe, na katikati vipande vilivyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Boriti huugawia mzigo kidogo kidogo, kila kichwa na tundu lake, na kwa kuwa hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Fundi wa zege huchonga mfereji urefu wote wa ukuta ili bamba lipate pa kukaa. Hapo ameukata uso wa ndani, na ukuta wa ghorofa ya juu umebaki kuegemea uso wa nje peke yake. Miaka ikipita, ukuta unatoa tumbo upande wa kichochoroni.

Halafu kuna chumvi. Imo kwenye matumbawe, imo kwenye mchanga wa pwani usiooshwa, imo hewani. Ikifika kwenye nondo, chuma kinashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege linapasuka kwa chini, vipande vinadondoka.

Lipu ya saruji ndiyo inayodanganya zaidi. Ukuta wa matumbawe hauwezi kuwa mkavu kabisa. Hunyonya maji ya ardhini, ya paa, ya mabomba, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na kuhamia kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Kwa nje nyumba inang'aa, huku boriti zinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Lipu hiyo ikibanduka, huondoka na uso wa jiwe.

Hata hivyo mwenye nyumba anayechagua saruji si mjinga. Chokaa nzuri hulowekwa shimoni kwa wiki nyingi, ikiwezekana miezi, ichujwe, ichanganywe sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa. Hupigwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 12 juu ya ukuta ulioloweshwa, na hufunikwa kwa magunia mabichi, kwa sababu hushika kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole. Jua likiiwahi, inageuka unga. Saruji inashika kwa siku moja. Boriti nazo hutoka kwenye mikoko, ambayo nayo tunataka ihifadhiwe, na kuchoma chokaa kunakula kuni nyingi. Anayesema "rudisheni ya asili" aseme pia itatoka msitu gani.

Maisha ndani ya nyumba nayo yamebadilika. Nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na jumba lililojengwa kwa familia moja likagawanywa kwa familia kadhaa, kila moja ikitaka maji yake. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Choo cha ghorofani juu ya boriti na chokaa kitavuja tu, na hapo mimi nipo upande wa zege: bamba dogo, lililokaa kwenye matundu machache yaliyojengewa vizuri badala ya mfereji mrefu, lenye tabaka la kuzuia maji, na mabomba yapite wazi ili yakivuja yaonekane.

Hoja kwamba mji huu ulijengwa kwa vifaa vya asili tupu nayo haisimami. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilisimamishwa na nguzo za chuma pamoja na mawe ya matumbawe. Mapaa mengi yaliyokuwa bapa yalifunikwa bati baadaye. Mji huu umekuwa ukichanganya vifaa muda mrefu kabla ya UNESCO kuuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na jengo hilohilo, maarufu kuliko yote, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Kuorodheshwa peke yake hakukaushi ukuta.

Ndiyo maana naona mabishano ya vibali vya ukarabati huelemea mno vitu vinavyoonekana barabarani, yaani mlango wa nakshi, baraza na madirisha. Vilindwe, sawa. Lakini swali la kwanza liwe: maji yanatoka wapi? Bati na gata zitengenezwe kabla ya masika ya Machi, mabomba yanayovuja yafuate, kisha lipu ya saruji ibanduliwe na ukuta uachwe upumue. Ukuta mnene ulioloa hadi ndani unaweza kuhitaji zaidi ya mwaka kukauka, na hapa ndipo wenye nyumba wengi hushindwa kusubiri.

Wakati wa kusubiri, kila kichwa cha boriti kichomwe kwa bisibisi pale kinapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, kichwa kimekwisha hata kama boriti iliyobaki ni nzima. Si lazima kuibomoa sakafu yote: mhimili wa mbao iliyotiwa dawa, uliolala kando ya ukuta juu ya mawe yaliyochomoza, unaweza kupokea boriti kadhaa kwa mpigo. Utapunguza upana wa chumba kwa sentimita chache, na mkaguzi anayetaka kila kitu kibaki kilivyokuwa huenda asiupende.