Tiba ya hipnosisi: kila mgonjwa apangiwe yake, au wote wasomewe maneno yaleyale?

Hipnosisi ni kumwongoza mtu kwa maneno mpaka atulie na kuzama katika anachoambiwa. Milton Erickson, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeitumia kutibu, aliwahi kumpokea mgonjwa aliyekuwa amewashinda wengine kwa sababu hakuweza kukaa kitini. Alikuwa akizunguka chumbani bila kukoma. Erickson hakumtaka atulie. Alimwomba aendelee kutembea, kisha akaanza kumwelekeza: geuka kulia, geuka kushoto, kisogelee kiti, kipite. Kidogo kidogo akaipunguza kasi ya sauti yake, hatua za mgonjwa nazo zikapungua, mpaka akawa anasubiri kuambiwa aketi.

Kisa hicho, kilichochapishwa mwaka 1959, bado ni silaha kubwa ya wanaoshikilia kwamba kila mgonjwa apangiwe vipindi vyake. Nami naona wana hoja. Maandishi mengi ya kusomewa wagonjwa katika tiba hii humpeleka mtu kwa mawazo ufukweni au kumteremsha ngazi. Aliyenusurika kuzama akiambiwa asikilize mawimbi, moyo utamwenda mbio, na mtaalamu anayesoma karatasini huenda asitambue. Tena watu hatulingani katika kuitikia hipnosisi. Mwaka huohuo wa 1959, Weitzenhoffer na Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipimo chenye majaribio 12. Vipimo vya namna hiyo huonyesha kwamba wachache huitikia karibu kila jaribio, wachache karibu hawaitikii lolote, na wengi wako katikati.

Lakini kisa kimoja cha daktari hodari hakitoshi kuwa ushahidi, na hapo upande wa pili unapata nguvu. Olafur Palsson wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliandaa vipindi 7 vya kusomwa neno kwa neno kwa wenye IBS, yaani maumivu ya tumbo ya muda mrefu yanayoambatana na kuharisha au kufunga choo. Tafiti zimeonyesha wagonjwa wakipata nafuu. Kisha mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 354 wa IBS. Miezi 3 baada ya kuanza, waliotibiwa mmoja mmoja na kupata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 40.8, waliotibiwa kwa makundi, 33.2; waliopewa elimu na ushauri tu, 16.7. Kufikia mwezi wa 12, wa makundi walikuwa 49.5, na wa mmoja mmoja wamebaki palepale kwenye 40.8.

Wapo wanaozitumia takwimu hizi kudai kwamba kumpangia mtu vipindi vyake ni kupoteza muda. Hapo wanavuka mpaka. Kuonana na mtaalamu peke yako si sawa na kupangiwa maneno yako. Utafiti ule ulilinganisha mtu mmoja na kundi, haukulinganisha maneno ya kubuniwa na maneno ya kusoma. Unachothibitisha ni kwamba kundi linafaa, na hilo si dogo mahali wataalamu ni wachache na malipo ni mzigo.

Njia ninayoiamini ni ya Manchester, Uingereza, ambako Peter Whorwell na wenzake walichapisha mwaka 1984 jaribio la wagonjwa 30 wa IBS kali. Mpango wao una uti wa mgongo usiobadilika: mgonjwa huweka kiganja tumboni, akahisi joto likienea, akaufikiria utumbo ukifanya kazi kwa utulivu. Kinachobadilika ni picha. Mwenye kuharisha huuona mto wenye kasi ukitulia. Aliyefunga choo huuona ukianza kwenda. Asiyependa mto atafutiwe picha nyingine.

Kwa hiyo mtaalamu anayetangaza kwamba hana mpango wowote, kila kipindi hukibuni papo hapo, anitajie kwanza ni njia gani iliyopimwa anayoifuata. Na anayesoma karatasi aanze kwa mazungumzo: mgonjwa anaogopa nini, amepitia nini, amewahi kuona au kusikia visivyokuwepo? Swali hilo la mwisho linaweza kuonyesha kwamba huyu anahitaji kwanza daktari wa magonjwa ya akili, na kundi zima likiulizwa kwa pamoja, hakuna atakayenyoosha mkono.