Dirisha ni Mbao, Mbao Inashika Rangi

Tulikuwa watatu: mmoja anapamba bajaji, mwingine anachora mabango ya saluni (sijawahi kuona mteja aliyetoka mle akifanana na bango), na mimi, ambaye hadi wiki ile kazi yangu maarufu ilikuwa "USIKOJOE HAPA". Tukapewa ukuta wa ofisi ya mtaa, hapa hapa Dodoma, tuchore akina mama wa Kigogo wakicheza muheme: shanga shingoni, ngoma kati ya mapaja, zabibu pembeni. Rangi walichanga wakazi.

Mchoro ulikuwa kwenye karatasi ya daftari. Ili kuukuza, unaugawa viboksi, unapiga vingine vikubwa ukutani kwa uzi na chaki, halafu unahamisha boksi kwa boksi. Kuhesabu nikapewa mimi, eti nina mwandiko mzuri. Nikaruka safu moja. Wale wazee wa Kolo, kule Kondoa, walichora miambani bila uzi wala chaki, na mwaka 2006 UNESCO ikaziweka kazi zao kwenye urithi wa dunia. Mimi na uzi wangu, kichwa cha mama wa katikati kikaangukia dirishani.

"Tufute?"

"Ufute nini?" akasema wa saluni. "Dirisha ni mbao, mbao inashika rangi."

Mtendaji alikuwa safarini, dirisha limefungwa siku zote tatu. Tukapaka. Upepo ukatuletea vumbi kabla rangi haijakauka. Ukimpitishia mama kidole shavuni, unasikia chenga kama ugali uliodondoka mchangani. Ila ukisimama mbali, kapendeza!

Jumatatu watu wakajaa, akina mama na ngoma zao. Mtendaji akaingilia mlango wa nyuma, akakuta ofisi inachemka, akafungua dirisha. Linafungukia ndani. Sura ya mama ikazama, kikachomoza kichwa cha mtendaji, upara na masharubu, kimekaa sawia juu ya shingo ya shanga, ngoma mapajani.

"Mbukwenyi!" akatusalimu.

Hakuna aliyeitikia. Bibi mmoja aliketi chini kabisa, khanga mdomoni. Wa bajaji akageuka kuosha brashi iliyokuwa safi. Mwingine kwa ukorofi akapiga ngoma, na mtendaji wa watu, akidhani anakaribishwa, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo.

Baadaye akatoka nje kuukagua ukuta. Akautazama kwa muda mrefu.

"Fundi, huyu mama kichwa chake kiko wapi?"

"Kiko ofisini kwako, mzee."