Bikini, manyoya na kamba: Kanivali ya Trinidad ni ya nani?

Mwaka 2027 Kanivali ya Trinidad, kisiwa cha Karibi, itaangukia Jumatatu ya Februari 8 na Jumanne ya Februari 9, siku mbili za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Ugomvi wake unajulikana hata kabla ya malori ya muziki kuwashwa. Kuna wanaolalamika kwamba mas, yaani kuvaa vazi la mchezo na kuingia nalo barabarani, imekuwa gwaride la bikini na shanga la kuuzia wageni, lisilo na heshima wala ufundi wa zamani. Wengine hujibu kwamba bikini hizo ndizo zinazoleta fedha, na kwamba mwanamke aliyejichangia mwaka mzima ana haki ya kucheza atakavyo.

Hoja ya heshima tuiweke kando mapema, maana haina miguu. Katika karne ya 19 wanawake wa vichochoro vya Port of Spain, mji mkuu, waliitwa jamette, neno linalohusishwa na Kifaransa diamètre, yaani kipenyo: watu wa chini ya mstari. Nao walisemwa hivihivi, kwamba wanakatika ovyo na hawana haya. Na hiyo kanivali "safi" inayoliliwa haijawahi kuwapo. Masetla wa Kifaransa waliomiminika kisiwani baada ya 1783 walikuwa na dansi zao za vinyago majumbani. Waliotoka utumwani, baada ya uhuru kamili wa 1838, wakaileta sherehe barabarani kwa mienge, ngoma na fimbo, wakaiita Canboulay, miwa inayoungua. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker, mkuu wao, walijaribu kuizima wakakuta watu wamejiandaa kwa mapambano. Ngoma zilipobanwa kwa sheria mwaka 1884, watu walikata mianzi wakaigonga chini, baadaye wakahamia makopo ya biskuti, hatimaye pipa la mafuta lililogeuzwa ala ya muziki.

Hoja ya ufundi ndiyo nzito. Vazi kubwa la zamani lilianza na fundi wa waya: anakunja umbo, anafunga viungo, anajaribu uzito mgongoni mwa mtu, ndipo kitambaa na karatasi za gundi vije juu. Kutoka mikononi mwa mafundi wa namna hiyo ilizaliwa "Back to Africa", onyesho la mavazi la mbunifu George Bailey la mwaka 1957, pamoja na kazi za mbunifu mwenzake Peter Minshall, ambaye baadaye alialikwa kubuni sehemu za sherehe za Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Leo sidiria na mikanda mingi ya shanga hutoka China ikiwa tayari, na kambi ya mas, yaani karakana ya mavazi, hubaki kubandika manyoya na kupanga saizi. Kijana anayebandika manyoya hajifunzi kukunja waya, na fundi mzee akiondoka, hakuna wa kumrithi.

Hata hivyo, tuwe wakweli kuhusu hesabu. Bendi kubwa ya mas, yaani kundi la wanaocheza pamoja kwa mavazi, huwa na maelfu ya wachezaji. Mtu hulipa kishika nafasi miezi mingi kabla, kisha anamalizia kwa awamu. Vazi la mstari wa mbele, lenye mabawa makubwa ya manyoya, ni ghali zaidi. La mstari wa nyuma ni nafuu. Bei hiyo inabeba pia chakula, vinywaji, lori la choo, huduma ya kwanza na walinzi. Bila kifurushi hicho, mgeni asiyemjua mtu mjini angeshinda siku mbili juani akihangaika kutafuta maji na choo.

Na vazi lenyewe lina shida zake. Sidiria ya waya ikiwa ndogo huanza kuchoma mbavu kabla ya saa sita mchana. Mabawa yasiyo na sponji kwenye mikanda huchuna mabega. Viatu vipya ni adhabu. Ndiyo maana wazoefu huchukua vazi lao mapema, wakalijaribu kwa kuruka nalo nyumbani, kisha wakabeba pini, gundi, uzi na vizibo vya masikio kwa sababu ya malori.

Kinachokera zaidi ya bikini ni kamba. Walinzi huizungusha bendi nzima kwa kamba wakitembea nayo, na asiye na utepe mkononi husukumwa pembeni. Sababu inaeleweka: wizi, usumbufu kwa wanawake, vinywaji vilivyolipiwa. Lakini barabara ile iliwahi kutekwa na watu wa chini ya mstari, na sasa mstari umerudi, safari hii unashikwa kwa mikono.

Nje ya kamba bado kuna mengi. J'ouvert, ufunguzi wa kanivali, huanza Jumatatu alfajiri, giza bado, kwa tope, rangi na mafuta. Jipake mafuta ya mgando mwili mzima kabla ya kutoka, rangi itoke baadaye; vaa nguo na raba ambazo hutaki kuziona tena. Kwenye yadi za mapipa, viwanja vya bendi zinazopiga yale mapipa ya mafuta, mazoezi hufanyika usiku, wiki kadhaa kabla ya Panorama, shindano la bendi hizo lililoanza 1963, ambapo bendi kubwa huweza kuwa na wapigaji 120. Ukisogea utaona pipa la tenor, lenye sauti ya juu, limekatwa likabaki na ubavu mfupi tu, huku mpigaji wa besi akizungukwa na mapipa sita au zaidi karibu mazima, kila moja na noti chache. Uso wa pipa huzamishwa kwa nyundo, noti zikachorwa na kupigiwa mipaka, pipa likapitishwa motoni, ndipo sauti isakwe kwa vinyundo vidogo. Kazi hiyo haiji kwenye kontena.

Kuna pia moko jumbie, ambao Mtanzania angewaita ngongoti bila kusita, na mashetani wa buluu wa kijiji cha Paramin, milimani juu ya Port of Spain. Jumatatu jioni hushuka wamejipaka buluu mwili mzima, wanatema moto, wenzao wakipiga mabati ya biskuti, na hawakuachii mpaka utoe hela. Weka noti ndogondogo mfuko wa mbele, na shati lako jeupe liache hotelini.